Kufufua injini ndogo ya mvuke aliyoiacha mzee

Injini ninayoizungumzia hapa haizidi sufuria ya bukari, yaani ugali, kwa ukubwa. Ilitoka chini ya kitanda cha shangazi yangu kule Katuba, imeviringishwa kwenye mfuko wa unga, na ilikuwa imelala humo tangu kambo afariki. (Kambo kwetu Lubumbashi ni babu au bibi. Ndugu wa Dar na Mombasa msije mkamtafuta baba wa kambo.) Alikuwa fundi wa tupa na jiliwa kwenye karakana ya reli, na jioni alijitengenezea mashine hii kwa vyuma vilivyotupwa. Silinda ni bushi ya bronzi, gurudumu zito limetoka kwenye cherehani, boila ni kipande cha bomba la shaba, na kibao cha chini ni mti wa mulombwa. Hakuna mchoro, na cha dukani ni parafujo chache tu.

Ukikuta kitu cha namna hii katika nyumba ya mtaa wetu wa Kamalondo au ule unaoitwa Kenya usishangae. Reli ilifika mji huu mwaka 1910, na mvuke ndio uliovuta kila kitu hadi umeme ulipoanza kuingia kwenye njia ya reli mwaka 1952, kwanza kati ya Likasi (Jadotville ya wakati ule) na Tenke. Mtu aliyeshinda na mvuke mchana kutwa hakosi kurudi nao nyumbani.

Kabla hujashika spana, kubali jambo moja ambalo mimi nililikubali kwa kuchelewa. Mashine hii ina sehemu mbili na kila moja ina adabu yake. Kwenye injini, yaani silinda, pistoni, mhimili na gurudumu, mheshimu aliyeitengeneza: alama za tupa yake ziache, bolti zake zisizofanana ziache. Kwenye boila usimheshimu mtu yeyote, hata kama ni kambo wako mwenyewe.

Kwanza, angalia bila kugusa

Weka mashine mezani karibu na dirisha, uipige picha kwa simu pande zote, kisha chukua taa ndogo uimulike kwa ubavu ili mwanga upite juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Unatafuta vitone. Mafundi wa zamani hawakuandika namba. Walipiga kitone kimoja kwa ncha ya chuma kwenye sehemu mbili zinazokutana, viwili kwenye zile nyingine, na kadhalika. Kitone kinasema: hiki kinakaa hapa, na kimeelekea huku. Chini ya uchafu na mafuta yaliyoganda hukioni kirahisi, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pole pole, na kila kitone ukipate kwenye picha.

Mimi sikujua. Nilikuwa na msasa na hamu ya kuona shaba inang'aa, nikasugua vifuniko viwili vya mhimili mpaka vikawa kama sarafu mpya. Nilipovirudisha, mhimili ukawa unabana kila nusu mzunguko. Nilihangaika siku mbili nikidhani mhimili umepinda, nikauviringisha juu ya kioo mara sijui ngapi, umenyooka kabisa. Siku ya tatu nikakigeuza kifuniko kimoja mbele nyuma, gurudumu likazunguka kwa pumzi ya mdomo. Kambo alikuwa ametoboa tundu la mhimili vifuniko vikiwa vimefungwa mahali pake, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na upande wake. Kitone kilichokuwa kinanieleza hivyo nilikwisha kukila kwa msasa.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni uzi au kitambaa cha kijivu cheupe kilichozungushiwa bomba, boila, au kilichojazwa mahali fimbo ya pistoni inapopita. Zamani kazi hiyo ilifanywa na amianti, ile wengine wanaiita asbesto. Ukiivuta ikiwa kavu inatoa vumbi la nyuzi ndogo mno zinazokaa mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Usiisugue wala usiipulize. Iloweshe maji yenye sabuni kidogo, itoe ikiwa mbichi, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na watoto wasiwe karibu. Kama hujui ni nini, ichukulie kuwa ndiyo.

Pili, kufungua

Trei ya mayai ndiyo chombo bora. Kila shimo bolti moja, kwa mpangilio uliofungua. Bolti ikikataa, usiilazimishe: ilishe mafuta ya taa uiache mpaka kesho, kisha ipashe moto kidogo, ujaribu kuifunga kidogo tu kabla ya kuifungua. Bolti ya chuma ndani ya shaba iliyokaa miaka thelathini hukatika shingo kwa urahisi, na kuitoa mzizi wake ni kazi ya siku nzima na keekee.

Pistoni iliyoganda ndiyo inayowaharibu wengi, maana kitu cha kwanza wanachokishika ni nyundo. Hapa hesabu kidogo inasaidia. Bronzi ikipata joto hupanuka zaidi ya chuma cha kawaida, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo kama silinda ni ya bronzi na pistoni ni ya chuma, tumbukiza silinda nzima kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi: tundu linakuwa kubwa kuliko pistoni, na kijiti cha mti kinatosha kuisukuma. Kama ni kinyume, silinda ya chuma na pistoni ya bronzi, joto linazidi kuibana. Hapo kazi ni ya mafuta na subira, na baridi ya friji ikiwezekana. Ya kambo ilikuwa ya aina ya kwanza. Ilitoka kwa sauti ndogo kama kizibo cha chupa, pamoja na mafuta meusi yaliyonuka kama treni.

Tatu, kusafisha bila kufuta

Shaba nyekundu, mukuba wenyewe, na shaba ya manjano, letoni ya mafundi, husafishwa kwa limau na chumvi: paka, ngoja dakika chache, osha kwa maji mengi, kausha hapo hapo. Chuma husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi. Msasa uwe wa mwisho, na uwe wa sehemu zinazosuguana tu. Rangi ya kahawia ya miaka mingi kwenye gurudumu si uchafu. Ukiitoa, utapata gurudumu jipya la cherehani na hakuna anayehitaji hilo.

Angalia letoni kwa makini wakati huu. Ikiwa na mabaka ya rangi ya waridi, zinki imetoka ndani yake na kilichobaki ni shaba yenye vitundu, dhaifu kama biskuti. Bomba dogo la kupitishia mvuke lenye mabaka hayo libadilishe. Parafujo ya mapambo iache.

Nne, uso wa silinda

Injini nyingi za nyumbani ni za silinda inayoyumba, kwa sababu hazihitaji valvu ya pembeni. Silinda imeshikwa na msumari mmoja katikati, na mhimili unapozunguka silinda nzima inatikisika kushoto na kulia. Usoni ina tundu moja. Bamba inaloegemea lina matundu mawili: moja linaleta mvuke, jingine linautoa nje. Silinda ikiinama upande huu, tundu lake linakutana na la mvuke, pistoni inasukumwa. Ikiinama upande wa pili linakutana na la kutolea, mvuke unapumua. Pistoni ikiwa mwisho kabisa wa safari yake, juu au chini, tundu la silinda linasimama katikati ya hayo mawili na yote yamefungwa. Ndiyo valvu yenyewe, hakuna nyingine.

Kwa hiyo uhai wote wa mashine uko kwenye nyuso hizi mbili tambarare, na hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Tafuta kipande cha kioo kinene, cha dirisha lililovunjika kinafaa. Lalisha juu yake msasa wa maji namba 400, weka tone la mafuta, chora uso wa silinda kwa kalamu ya risasi mistari kama ya daftari, kisha uzungushe juu ya msasa kwa umbo la nane, ukibonyeza kwa vidole viwili tu. Baada ya mizunguko ishirini tazama. Mistari iliyofutika ni milima, iliyobaki ni mabonde. Geuza silinda robo duara, endelea. Mistari yote ikifutika kwa pamoja, nenda namba 800, halafu 1200. Bamba nalo lipate huduma hiyo hiyo. Usishawishike kumaliza kwa kusugua nyuso mbili zenyewe kwa zenyewe na unga wa kusagia: chembe zinaingia ndani ya shaba laini na kubaki humo zikila kazi yako kila siku.

Osha kwa sabuni, pitisha uzi ndani ya kila tundu, kausha, tone la mafuta, funga. Springi inayobana nyuso hizo ikaze kidogo kidogo. Ikilegea mno mvuke unavuja katikati na mashine inapiga mluzi bila nguvu. Ikikazwa mno gurudumu halimalizi mzunguko. Mimi huikaza mpaka gurudumu lililopigwa kidole lizunguke mara tano au sita kabla ya kusimama.

Kama yako ina valvu ya kuteleza ndani ya kisanduku, uso wa valvu unasawazishwa vivyo hivyo, na kabla ya kulegeza kile kidude cha duara kinachoisukuma, chora mstari juu yake na juu ya mhimili. Mstari huo utakuokoa wiki nzima.

Tano, hewa ya kwado

Usiwashe moto bado. Mpelekee kwado, fundi wa kuziba matairi, umwombe hewa. Presha ya bari 1 inatosha kabisa, na iingie kwenye injini tu, narudia, kwenye injini tu, kamwe si kwenye boila. Unganisha kwa mpira mwembamba, fungua taratibu, lipige gurudumu kidole. Siku ya kwanza itakohoa, itarusha mafuta meusi, itasimama. Sikiliza mahali inapovuja: paka maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Iache izunguke nusu saa ikijisawazisha yenyewe.

Kwado wetu, kijana asiyezidi miaka ishirini, aliizima kompresa ili asikie vizuri. Tangi lilikuwa na hewa ya kutosha, na kwa dakika kadhaa kitu pekee kilichosikika kwenye kona ile kilikuwa tak-tak-tak ya kambo. Ukiishia hapo, hujapungukiwa. Mashine inayozunguka kwa hewa ni mashine iliyofufuka, na mtu asiye na vifaa vya hatua inayofuata namshauri abaki hapa bila aibu.

Sita, boila

Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaa nafasi kubwa karibu mara 1,600 kuliko yalivyokuwa. Ukiyafungia, nafasi hiyo inakuwa nguvu. Chukua boila lenye kipenyo cha milimita 60, kama kopo la maziwa ya unga lililo dogo. Kwa bari 2 tu, kila kifuniko chake cha mwisho kinasukumwa kwa uzito wa kilo 58 hivi. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Hebu jifikirie umeshika mfuko wa simenti kwa ule mstari mwembamba wa lehemu.

Ni lehemu gani? Swali hili ndilo linaloamua. Nilimpelekea boila la kambo jirani yetu, mzee mstaafu wa karakana. Hakuvaa hata miwani. Aliomba pini ya nywele ya mke wangu, akakwaruza chini ya masizi pale kifuniko kinapokutana na bomba. Ukatokea mstari wa kijivu unaong'aa, na pini ikazama ndani yake kama kwenye sabuni.

"Risasi," akasema. "Mutoto yangu, maji ikiisha mu ndani, hii inayeyuka sawa siagi."

"Papa, kambo aliitumia hivi miaka mingi."

"Kambo yako alikuwa anaangalia maji. Wewe utakuwa unaangalia telefone."

Ana haki. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Mvuke wa bari 2 uko kwenye nyuzi 130 na kidogo, kwa hiyo maji yakiwepo, yanaipoza na inashika. Maji yakishuka, shaba iliyo juu ya moto inavuka nyuzi 183 kabla hujamaliza kupokea simu. Mwaka 1803, huko Greenwich Uingereza, injini ya fundi wa mvuke Richard Trevithick ililipuka na kuua watu, kijana aliyeachiwa kuiangalia akiwa ameondoka. Trevithick baada ya hapo aliweka valvu ya pili ya usalama, pamoja na kizibo cha risasi kilichowekwa makusudi kiyeyuke maji yakipungua, mvuke utoke kwa tundu dogo badala ya boila zima. Risasi ina kazi yake kwenye boila, lakini si kushika vifuniko.

Wapo watakaokuambia uongeze lehemu nyingine juu. Fundi mmoja alishawahi kulifanyia hivyo boila hili kabla halijanifikia, donge kubwa kama punje ya mahindi, na chini yake ufa uliendelea na safari yake. Wala huwezi kuweka lehemu ya fedha juu ya risasi: kwenye joto lile risasi inaingia ndani ya shaba na kuufanya mshono uvunjike kama udongo. Ingebidi ukwangue kila chembe, na kwenye kona hizo haiwezekani.

Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa huu, nawe nakushauri uufuate: boila la zamani lenye risasi, lenye tumbo lililovimba, au lenye letoni iliyogeuka waridi kwenye ukuta wake, linastaafu. Lisafishe, lifunge mahali pake kama lilivyokuwa, na litoboe tundu moja dogo chini ili asitokee mjukuu akaliwashia moto. Kisha tengeneza jipya.

Jipya si mzigo kama unavyodhani. Bomba la shaba nyekundu lenye kipenyo cha milimita 60 na ukuta wa milimita 1.5 lina akiba kubwa kwa bari 2. Vifuniko uvikate kwenye bamba la shaba la milimita 2, uvipashe mpaka viwe vyekundu kidogo gizani, uvitumbukize majini, vinakuwa laini, na uvikunje ukingo juu ya kibao kigumu cha mviringo kwa nyundo ya mti. Vikianza kugoma, vipashe tena. Katikati ya vifuniko viwili pitisha fimbo ya shaba iliyofungwa pande zote mbili ili visitake kuvimba nje.

Kulehemu kufanyike kwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka juu ya nyuzi 600. Mafundi wa friji wanauza vijiti, lakini uliza unachopewa: vingi ni vya shaba na fosfori, vizuri kwa mabomba ya friji, vibaya kwa boila litakalopikwa kwa makaa ya mawe kwa sababu salfa ya moshi inaula mshono. Na vijiti vya fedha vya zamani vingine vina kadimi, ambayo moshi wake ni sumu. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Paka boraksi iliyokorogwa kwa maji, panga boila ndani ya makala, yaani makaa ya miti, vukuta. Pasha boila zima, si mshono peke yake, mpaka kijiti chenyewe kinywewe na shaba bila kukipiga moto.

Ila vukuta kwa kiasi. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, na watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha malakiti, jiwe lenye shaba, na kumimina misalaba ya mukuba kwa makala na mivukuto kabla ya reli na kabla ya lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba. Moto huo huo hautasita kuligeuza boila lako kuwa msalaba.

Saba, kupima kwa maji baridi

Boila, jipya au la zamani lisilo na kasoro, haliwashwi kabla ya kupimwa kwa maji. Lijaze mpaka pomoni, ulitikise, uligeuze, hewa yote itoke. Ziba tundu la valvu ya usalama kwa bolti ya muda. Azima pompa ya kupimia mabomba kwa fundi wa maji, ile ya mkono yenye saa ya presha, na upandishe mpaka mara mbili ya presha utakayofanyia kazi: kwa bari 2, pandisha hadi 4. Funga, subiri dakika 15. Mshale usishuke, mshono usitoe jasho, na rula ukiiweka kwenye kifuniko isionyeshe uvimbe mpya.

Maji hayabanwi, ndiyo maana yanatumika: mshono ukiachia, yanatoka tone au mchirizi, basi. Hewa inabanwa kama springi, na boila lililojazwa hewa likipasuka linarusha vipande. Ndiyo maana nilikukataza kule kwa kwado.

Nane, valvu ya usalama, maji, mafuta

Valvu ya usalama ya kambo ilikuwa gololi, springi na parafujo. Springi nzuri, gololi imeshika kutu na kujigandisha kwenye kiti chake, maana ilikuwa ya beringi ya kawaida. Weka ya chuma cha pua au bronzi. Mtihani wake: siku ya kwanza, ukiwa umesimama mbali, funga njia ya kwenda kwenye injini, moto uwe mkubwa kabisa. Valvu lazima ifunguke yenyewe na itoe mvuke wote bila mshale kupanda zaidi ya kumi kwa mia juu ya presha uliyopanga. Ikishindwa ni ndogo mno, weka kubwa.

Maji: birika ya kwangu ina gamba jeupe ndani, kwa hiyo maji ya bomba siyatumii. Nakinga ya mvua, kuanzia Novemba, baada ya mvua za kwanza kuosha bati. Anayetaka maji ya dukani aombe yaliyosafishwa kwa mvuke, na aangalie vizuri chupa, kwani kinachoitwa "maji ya betri" mara nyingine ni tindikali. Boila la zamani lenye gamba liloweke kwa siki ya moto usiku mmoja. Jaza robo tatu, usizidishe, mvuke unahitaji nafasi.

Mafuta ya injini ya gari hayafai. Yanachanganyika na maji na kuwa uji. Tafuta mazito, ya gia ya zamani, lakini yale yanayonuka salfa kwa nguvu yanaila bronzi. Kama mashine ina kikopo kidogo kilichofungwa kando ya bomba la mvuke, usidhani ni pambo. Mvuke kidogo unaingia humo, unapoa na kuwa maji, maji yanazama chini ya mafuta na kuyainua, tone kwa tone, mpaka yanamwagikia ndani ya bomba na kwenda kwenye silinda. Yakiisha mafuta, kikopo kimejaa maji. Ni pampu isiyo na kitu kinachosogea, na kambo aliitengeneza kwa ganda la risasi ya bunduki.

Tisa, moto

Spiriti inawaka safi, ila mwale wake mchana hauonekani. Mtu anajaza tena taa akidhani imezimika, na mkono unawaka. Jaza ikiwa imezimwa na imepoa, kila mara. Kuna aliyeniletea chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, akidai inafaa. Tuliijaribu kwenye kisahani. Ya kwanza kutoka kwenye mtungi iliwaka bluu. Ile ya kawaida ilizimika njiani, maji matupu. Makala madogo kwenye sahani ya bati ndiyo niliyochagua, kwa sababu ndiyo kambo aliyotumia na alama yake iko kwenye kibao.

Hapa kwetu, mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo usishtuke mvuke ukitokea mapema. Mvuke wa kwanza utagusa silinda baridi na kugeuka maji. Injini itatema, haitazunguka. Lizungushe gurudumu kwa mkono, pole pole, mpaka silinda ipate joto na mate yaishe. Ukilazimisha, maji yaliyonaswa mbele ya pistoni yanaweza kupinda fimbo. Kisha achia. Ya kwetu ilishika mzunguko wa nne, kwa bari 1 na nusu, uani kwa shangazi, naye akaniambia nisogeze ile kitu mbali na nguo zake zilizoanikwa.

Usiondoke karibu yake. Zima moto maji yakiwa bado robo, usingoje yaishe.

Baada ya kuzima ngoja presha ishuke mpaka sifuri, fungua kizibo boila likiwa bado la moto, limwage, uliache wazi. Joto lililobaki litalikausha. Tia matone mawili ya mafuta kwenye silinda, zungusha gurudumu mara kumi. Legeza springi nusu nati ili nyuso zisigandane. Kizibo usikirudishe mpaka kesho yake. Kifunge kwa uzi kwenye mguu wa mashine, maana cha kwetu kiliwahi kufagiliwa na makala.